Mwaka wa Kanda na Mkate wa Mofa

Nilipofika msibani kwa Bi Zaina, Ngamiani, sikupiga yowe wala sikuuliza marehemu aliugua nini. Nilipita moja kwa moja hadi uani, nikawapokonya wapishi miko na pawa zote, nikazikalia juu ya mkeka, nikatangaza kwamba leo hapa hapaliwi kitu mpaka ukoo wa Wazigua unilipe haki yangu. "Mwenzenu kaondoka bila kuniaga," nikawaambia, "na bado mnataka nikae kimya nile wali wenu? Nani kawaambia Mnyamwezi ni mjinga?" Mama mmoja mgeni, nadhani alitoka upande wa Horohoro maana lafudhi yake ilikuwa ya Kidigo, alishika kifua akauliza huyu mwendawazimu karuhusiwa na nani. Wenyeji walicheka huku wanafuta machozi. Rukia, wifi yake marehemu, ambaye siku hizi anatembea kwa mkongojo, alinifuata mpaka nilipokaa akanibwagia papai bivu mapajani. "Haya chukua, mpagazi we! Umelipwa. Toka juu ya miko, watu wana njaa." Nikainuka, lakini kwanza nikajifunga kanga ya marehemu, nikatembea mwendo wake ule: mkono mmoja kiunoni, shingo mbele, nachungulia kila sufuria na kuguna kama vile hakuna anayejua kupika duniani. Hapo hata yule mama wa Horohoro alicheka. Mimi nililia ndani ya ile kanga, kwa sababu ilikuwa bado inanukia moshi wa tanuri lake.

Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu zama za misafara, babu zetu walipokuwa wapagazi, na kwenye msiba wa mtani hatuendi kulia, tunakwenda kazini. Mimi ni Mnyamwezi wa Tanga. Tabora kwenyewe naisikia redioni. Lakini utani hauulizi umezaliwa wapi. Nilikuwa nimefanya kazi yangu vizuri, nimekula, nimepewa hata kahawa, nikawa natafuta viatu vyangu niondoke, ndipo nikamwona Halima kasimama kwenye mlango wa jiko. Halima ni binti wa Bi Zaina, mwalimu wa chekechea, mama wa watoto wake mwenyewe sasa. Alikuwa ananitazama kwa jicho la mtu aliyekuja kudai. Nikajua anachotaka. Ili nanyi mkijue, itabidi niwarudishe kwenye mwaka ule nilipokuwa mkalimani.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, matokeo bado, nimekaa tu mjini nakula vya watu. Mwalimu wangu mmoja akaniambia kuna mama amekuja kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, anafanya utafiti juu ya wakimbizi, anatafuta msichana anayejua Kizigua. Kizigua mimi nilikiokota utotoni kwenye mashamba ya mkonge, kwa watoto wenzangu, pamoja na chawa. Nikaenda. Dakta Nakijwa alikuwa amepanga nyumba Chumbageni, na chumba cha mbele kile nakikumbuka kuliko vyumba vingi nilivyolala maishani: meza chini ya dirisha, birika la bluu lililobanduka rangi, chai isiyo na sukari, muhogo wa kuchemsha uliokatwa vipande sawasawa. Alikuwa Mpare wa milimani, Mlutheri, na kila kitu chake kilikuwa kimenyooka: mgongo, shuka, mawazo. Asubuhi alinikalisha pale akanifundisha maneno ya kuombea ruhusa. "Hulazimiki kujibu. Unaweza kukataa swali lolote. Unaweza kuacha wakati wowote. Jina lako halitaandikwa." Nikiyakosea ananirudisha mwanzo. Nikayajua kama Baba Yetu, mpaka nikawa nayasema njiani peke yangu, na wauza samaki wakadhani nimechanganyikiwa na mitihani.

Watu aliotaka kuwasikiliza walikuwa Wazigua waliotoka Somalia. Mababu zao walichukuliwa huku huku pwani, wakauzwa huko, wakatoroka mabwana zao, wakajikalia kando ya mto wakalima, vizazi na vizazi, na Kizigua hawakukiacha. Vita vilipolipuka kule, wajukuu wakakimbia na watoto migongoni, na baadhi yao wakaangukia huku walikong'olewa wazee wao. Serikali iliwapa makazi upande wa Handeni. Familia chache zikaja kupanga vyumba Ngamiani, nyingine kwa kibali, nyingine kwa kudra ya Mungu. Bi Zaina alikuwa mmojawao. Alikuwa wa umri wa mama yangu, mwembamba, na alijenga mwenyewe tanuri la udongo uani kwa mwenye nyumba, akawa anaoka mkate wa mofa wa unga wa mtama, watu wa mtaa wanapanga foleni na sahani zao. Neno mkimbizi hakulipenda. "Mimi nilikimbia siku zile tu," alisema. "Sasa nimekaa, nina tanuri, nina deni la kuni. Mtu aliyekaa hivi mnamwitaje mkimbizi?"

Siku ya kwanza tulimkuta anakanda unga, Rukia anapepeta, na Halima, wakati huo mtoto wa kwenda chuoni asubuhi na juzuu kwapani, anatuchungulia nyuma ya mtungi. Dakta akaamkia, "Shikamoo mama," akajibiwa "Marahaba mwanangu," nami nikasimama wima nikamwaga maneno yangu ya ruhusa kwa Kizigua. Bi Zaina alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukanda. "Haya, nimesikia, nimekubali. Na wewe ni mtoto wa nani, unayesema Kizigua kama una kiazi cha moto mdomoni?" Nikamwambia mimi ni Mnyamwezi. Loo! Rukia alitupa ungo. "Mnyamwezi? Mnyamwezi mwenyewe, huyu?" Akaja akanishika mashavu, akanigeuza kama mtu anayenunua mbuzi. Kumbe kule Somalia bibi zao walikuwa wamewasimulia kwamba kuna watu wanaoitwa Wanyamwezi, watani wetu, ukimwona mmoja mtukane, mnyang'anye, mcheke. Na wao wamekaa miaka yote ile kando ya mto na utani wao, hawana wa kumtania. "Tumerithishwa matusi bila mtu wa kumtukana!" alisema Bi Zaina, machozi ya kicheko yanamtoka. "Leo Mungu kamleta mlangoni kwa miguu yake." Basi wakanimwagia yote. Matusi ya vizazi vizima yalinipata mimi, Veronika, kwa siku moja, na nisiwafiche, sijawahi kupokelewa vizuri hivyo popote.

Tabu ikaanzia hapo. Dakta anauliza swali la maana kabisa, mimi nalitafsiri, na jibu linakuja kwangu kama jibu la mtani. "Waulize mto walivuka vipi," anasema Dakta. Rukia, uso mkavu kama kadhi, anajibu, "Mwambie tulimkuta Mnyamwezi mnene kalala majini, tukampanda mgongoni, na mizigo yetu akabeba yeye. Mwambie hakutaka hata chai." Mimi naangua kicheko. "Dakta, huu utani." Naye hakupenda. "Tafsiri kila neno, Veronika. Usinichujie. Kazi ya kuchuja ni yangu." Haya, amri ya mkubwa. Nikatafsiri kila neno, naye akaandika kila neno, kichwa kimeinama, na Rukia akinikonyeza upande wa pili. Kwa kweli hakuwa mjinga Dakta. Alikuwa ameshawaona watafsiri wanaokata maneno ya maskini kwa kuwaonea aibu, na alikuwa ameapa hilo halitatokea kwake.

Nilichojifunza mimi uani pale ni kwamba kila nyumba ile ilikuwa na hadithi ya wageni, kama nyumba nyingine zinavyokuwa na vikombe vya wageni. Watafiti walikuwa wameshapita wengi huko makazini. Niliwasikia akina mama wakiwakumbuka kwa majina waliyowapa wenyewe: yule wa kamera, yule mwenye miguu myeupe, yule aliyelia kabla hatujasema. Wote waliuliza yaleyale, wote waliondoka, hakuna aliyerudi kusema alikwenda kuandika nini. Basi Bi Zaina alikuwa na hadithi yake safi ya kutolea nje, yenye vita, yenye njaa, yenye mwisho, ya kweli tupu. Anaisimulia huku anakata vitunguu na hata sauti haipandi. Ikiisha anasema, "Hiyo ndiyo yake," na Dakta anabonyeza kinasa sauti, tunashukuru, tunakula. Mofa ya moto na mchuzi wa samaki wakavu wa ng'onda, au na chai ya iliki. Miezi ilikwenda hivyo na mimi nikanenepa.

Siku moja ya mvua za vuli, tumemaliza, Dakta akabonyeza kitufe, akatia kinasa sauti kwenye kikapu changu, akaenda barazani kumsikiliza mwenye nyumba, mzee mmoja wa Kibondei aliyependa kuwaelezea watu bei za mkonge za zamani. Mimi nikabeba kikapu changu jikoni kumsaidia Bi Zaina kukuna nazi. Mvua inapiga bati. Akaanza kusema, taratibu, mikono ndani ya unga, na hakunitazama hata mara moja. Alichonieleza hakikuwa hadithi ya wageni. Lilikuwa jambo la njiani, siku zile za kukimbia, na lilimhusu Halima. Msianze kubashiri, sitawaambia. Alipomaliza mimi nilikuwa nalia mpaka nazi inalowa, na yeye hana hata chozi. Nikamuuliza kwa nini ananiambia mimi, mtoto wa watu, wakati wifi yake yupo. "Ndugu ukimwambia atalia nawe leo, kesho mkigombana atakutangaza," akasema. "Wewe mtani. Hata ukinitangaza, watu watasema Mnyamwezi anatania tena. Hakuna kabati yenye kufuli kama hiyo. Nimekuwekesha. Siku mwenyewe nikitaka, nitakuja kudai."

Asubuhi yake Chumbageni nilimkuta Dakta kaegemeza sikio kwenye kinasa sauti, chai imepoa. Nikasikia mvua ya jana. Nikasikia ile sauti. Kitufe hakikushika vizuri, kanda iliendelea kuzunguka ndani ya kikapu changu, na mimi pale nakuna nazi sijui lolote. Dakta hakuwa anajua Kizigua, lakini masikio alikuwa nayo. "Hapa anasema nini?" akaniuliza. "Sauti hii sijaisikia mwaka mzima. Na wewe hapa unalia. Anasema nini?"

"Hapo si mahojiano, Dakta. Ulishafunga."

"Nilidhani nimefunga. Ni bahati tu. Lakini ruhusa alinipa, wewe mwenyewe ulimsomea."

"Alikupa ruhusa ya maswali yako. Haya aliniambia mimi."

"Jina nitabadilisha. Hakuna atakayemjua."

"Dakta! Mwanamke Mzigua kutoka Somalia, anaoka mofa, Ngamiani, ana binti mmoja. Utamwita nani, asijulikane? Hata paka wa mtaa ule atamtambua."

Kisha akanieleza kwa upole, na nia yake ilikuwa njema, kwamba taarifa kama hizi zinasomwa na watu wenye mamlaka, kwamba hadithi baridi hazimsogezi mtu kwenye kiti, na hii ndiyo ingewasogeza. Nikamwambia sitafsiri. Akasema ni haki yangu, hatanilazimisha, ila Dar yuko Mzigua mmoja, anafanya naye kazi, atakayeitafsiri. Yeye anaondoka Ijumaa kwa basi na kanda zote. Alisema hivyo bila hasira, akinimiminia chai. Ningeweza kuifuta ile kanda akiwa anaoga, wazo hilo lilinijia, nisiseme uongo. Lakini ningekuwa na mimi nimekata shauri la Bi Zaina bila Bi Zaina, na hapo tofauti yangu na Dakta ni nini? Nikavaa ndala nikaenda Ngamiani karibu mbio.

Bi Zaina alipoisikia habari aliacha kukanda. Sikuwahi kumwona akiacha kukanda. Alimtazama Halima aliyekuwa anaruka kamba uani na wenzake, akamtazama muda mrefu. "Huko Dar akisikia Mzigua mmoja, Handeni wamesikia," akasema. "Handeni wakisikia, maneno yatafika hapa kabla ya basi kurudi. Mtoto huyu atayakuta barabarani, mdomoni kwa watu. Mimi nilimbeba jua lote lile asipatwe na kitu, halafu aje apatwe na hiki?" Niliogopa, kwa sababu nilikuwa nimezoea kumwona akicheka. Rukia, ambaye hakujua jambo lenyewe na wala hakuuliza, alisema tu, "Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata yenyewe Ijumaa itabebwa na nani?" Wote wawili wakanigeukia mimi. "Na huyu mpagazi," akajibu Bi Zaina, na nikaona tabasamu linamrudi upande mmoja.

Ijumaa tukapitia kwao kuaga, tukiwa njiani kwenda stendi. Dakta begi lake, mimi kikapu changu kichwani, ndani yake kinasa sauti na kanda zote za mwaka. Sijavuka kizingiti, Rukia akapiga kigelegele. "Mpagazi kapita na mzigo!" Akina mama wakatoka vyumbani, wakatoka uani, wengine sijui walitoka wapi, wakanizunguka, kikapu kikaondoka kichwani kwangu kikapita mkono kwa mkono mpaka miguuni kwa Bi Zaina. Mimi nikapiga kelele za mtu aliyeibiwa, kwa ufundi mkubwa. Dakta akapauka. "Jamani! Hiyo ni mali ya utafiti!"

"Wewe mwanangu hatukugusi," Bi Zaina akamwambia, akimvutia kigoda. "Wewe mgeni wetu, keti unywe chai. Tumemkamata mtani wetu, na mzigo wa mtani ni wetu mpaka aukomboe."

Dakta akamgeukia mwenye nyumba amsaidie. Mzee wa Kibondei akatikisa kichwa kwa masikitiko ya uongo. "Hapo, Dakta, hata ukaite polisi, watakuja kucheka. Uliza tu wanataka nini."

Walichotaka kilisemwa na Bi Zaina, nami nikatafsiri, kila neno, bila kuchuja. Alisema, hiyo redio yako iseme mbele yetu. Mwaka mzima tumeilisha maneno, hatujaisikia hata siku moja ikitapika. Nilichokupa wewe mgeni, chukua, kwaheri ya kuonana. Nilichompa mtani, nirudishiwe. Dakta akasema kwa heshima, "Lakini mama, ulikubali." "Nilikubali siku ile," akajibu Bi Zaina. "Na siku hiyohiyo mtoto huyu alinisomea maneno yako. Alisema naweza kuacha wakati wowote. Basi, mwanangu, wakati wowote ndiyo leo." Dakta alikuwa ameniamrisha niyarudie maneno yale mpaka nikayaota. Hakuna aliyeyajua kuliko yeye. Akatazama saa yake, akatazama kikapu, akaketi kwenye kigoda. "Sawa," akasema. "Tusikilize."

Sijawahi kuona burudani kama ile. Walisikia sauti zao wakajificha nyuso kwa kanga. Walisikia majogoo wa jana zao, watoto wao, mtu akikohoa ambaye alikuwa ameshahama. Kisha ikafika sauti ya Rukia na mto na Mnyamwezi mnene, na ua mzima ukalala chini. Mwanamke mmoja aligaagaa mpaka kwenye kuni. Dakta akawa anawatazama, mmoja mmoja. "Veronika," akaniita polepole, "huyu Mnyamwezi wa mtoni, hakuwepo?" Nikamwambia nilimwambia ni utani. "Lakini mimi nimeshaandika," akasema. "Nimeandika sehemu nzima. Nimesema walisaidiwa na msafiri mmoja mwenye nguvu za ajabu na moyo wa kujitolea." Niliwatafsiria. Rukia alishindwa kupumua, ikabidi apigwe mgongoni. Na Dakta Nakijwa, mgongo ule ulionyooka, akaanza kutikisika; akavua miwani, akacheka mpaka akashika ubavu, akisema, "Mungu wangu, na kwenye semina nimeshamsifu." Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mgeni pale.

Ilipofika kanda ya mvua, Bi Zaina aliinua mkono. Halima alishatumwa dukani chumvi, na wengine wakaelewa bila kuambiwa, wakasambaa. Hapo Dakta alifanya jambo ambalo mpaka leo nikimkumbuka ndilo linalonijia kwanza. Hakubembeleza. Alimwekea Bi Zaina kinasa sauti mapajani, akamwonyesha kidole kiwekwe wapi, akasema, "Ukibonyeza hivi na hivi kwa pamoja, utakachosema leo kitakaa juu ya kile cha siku ile, na kile hakitakuwepo tena." Halafu akainuka akaenda barazani, asisikie, akamwacha mwenye nyumba amweleze bei za mkonge kwa mara nyingine. Bi Zaina akabonyeza. Akakohoa. Akasema sauti ya kutangaza, "Mkate wa mofa. Unga wa mtama uchungwe. Maji yawe ya uvuguvugu, chumvi isizidi. Uukande mpaka mkono uchoke, kisha uukande tena. Mnyamwezi asiguse unga, ana mikono ya kubebea mizigo." Akaendelea hivyo mpaka kanda ikaisha yenyewe. Aliposikia kimeacha kuzunguka alinishika mkono akanibana mpaka ukauma.

Basi lilikuwa limeshaondoka. Dakta alikaa Tanga hadi mvua zikakatika, tukarudi nyumba moja baada ya nyingine na kikapu chetu, kila mtu asikilize alichosema na aseme kibaki au kitoke. Wengine waliondoa, wengine waliongeza, mama mmoja akataka tu sauti yake ipigwe tena kwa sababu aliiona nzuri. "Kazi yangu imekonda, Veronika," Dakta aliniambia siku ya kuagana, tukila muhogo wake uliopimwa, "lakini angalau nitalala." Na alirudi, huyu alirudi, na kitabu chake mkononi, akakisoma chote uani kwa Kiswahili nikikigeuza Kizigua. Bi Zaina alisikiliza akakanda. Rukia peke yake ndiye aliyelalamika, kwa sababu Mnyamwezi wa mtoni hakumsikia.

Miaka imekwenda. Wengi wao wamekuwa raia, Halima kasoma, kaolewa, tanuri limejengwa upya mara kadhaa. Bi Zaina na mimi tulitukanana kila Idi na kila Krismasi, na lile jambo hatukuligusa tena hata kwa jicho. Nilidhani ameshaamua liende naye.

Basi siku ya msiba, natafuta viatu, Halima akatoka pale mlangoni akaniwahi. Alikuwa ameshavishika, kimoja kila mkono. "Mtani, hutoki," akasema.

"Halima mwanangu, nina papai tu. Chukua papai."

"Sitaki papai. Mama aliniambia wiki ile alipozidiwa. Alisema, 'Mimi nilishindwa kukwambia, kila nikianza nakutazama nashindwa. Nikifa mkamate Mnyamwezi, ana kitu chako nilichomwekesha.'" Kisha akamalizia. "Alisema nikwambie, wakati wowote ndiyo leo."

Nilikaa chini palepale, miguu mitupu. Nilikuwa naogopa kuliko siku ile ya kanda. Halima akanishika mkono akaniingiza jikoni, akafunga mlango wa mabati, na kwa kuwa waombolezaji wa jioni walikuwa wanakuja, tena mkate haukutosha, akavuta karai la unga akaanza kukanda. Nikamsimulia. Nilimpa yote, kwa Kizigua, kwa maneno yaleyale ya mama yake kadiri nilivyoweza kuyakumbuka, na nilikuwa nayakumbuka kuliko nilivyodhani. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu. "Aliposema haya, alilia?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyelia. Yeye alikuwa anakanda, hivyo hivyo kama wewe."

Halima akaitazama mikono yake. Kisha akalia, kisha akacheka, akanipaka unga usoni.

Hadithi hii ameisoma yeye kabla yenu. Nilimpelekea nikamwambia, hulazimiki, unaweza kukataa, sema kipi kibaki na kipi kitoke. Hapa palikuwa na aya nzima niliyoipenda sana. Ameifuta, na mahali pake ameniamuru niandike: maji yawe ya uvuguvugu, chumvi isizidi, na Mnyamwezi asiguse unga.